Wafinyanzi wa Manises

Katika vitabu vya historia tumezoea kusoma habari za miji iliyopata sifa kwa vita, au kwa kuwa makao ya wafalme, au kwa ukubwa wa bandari zake. Lakini iko duniani miji ambayo haikushinda vita vyo vyote, wala haikukaliwa na mfalme, na hata hivyo jina lake lilitajwa mezani pa wafalme. Mmojawapo ni Manises, mji mdogo wa mashariki ya Hispania, ulio karibu na mto Turia, mwendo wa kilomita nane hivi kutoka mji mkubwa wa Valencia. Kilichoupa mji huo sifa si dhahabu, wala fedha, wala hariri, bali ni udongo; na walioupa udongo huo thamani ni watu ambao wengi wao hatujui hata majina yao.

Huenda nawe, msomaji, ukafika Manises bila kukusudia, kwa maana kiwanja cha ndege cha Valencia kimejengwa katika ardhi ya mji huo, na wasafiri wengi hupita hapo pasipo kujua wamepita wapi. Tuseme kwamba umo safarini, na ndege uliyoitazamia asubuhi imeahirishwa mpaka usiku. Umepata siku nzima ambayo hukuipangia kazi yo yote. Waweza kuketi kitini ukasinzia mpaka jua lichwe. Lakini mwanafunzi wa historia hafanyi hivyo. Garimoshi la umeme litakufikisha mjini kwa dakika chache. Basi na tushuke, tutembee pamoja.

Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba mji huu umevaa kazi yake kama bibi arusi avaavyo mapambo. Majina ya njia yameandikwa juu ya vigae vilivyotiwa rangi. Kuta za nyumba kadha wa kadha zimefunikwa vigae vya samawati, manjano na kijani. Kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, lililojengwa katika karne ya 18, lina kuba lililoezekwa vigae vinavyometa juani. Na kama ungalifika katika mwezi wa Julai, ungaliona sikukuu ya watakatifu Justa na Rufina, dada wawili wa Seville ambao, kwa masimulizi ya Wakristo, walikuwa wauza vyungu. Siku hiyo wafinyanzi hupita njiani juu ya magari yaliyopambwa, wakiwagawia watu vyombo vya udongo bila malipo, na umati hunyosha mikono kuvipokea.

Lakini leo si sikukuu, na njia ni kimya. Tuingie katika jumba la makumbusho la mji, mahali palipokusanywa vyombo vya zamani. Simama mbele ya sahani moja ya karne ya 15. Ni pana kiasi cha kupakatwa kwa mikono miwili. Ardhi yake ni nyeupe kama maziwa. Juu ya weupe huo wamechora majani madogo madogo ya mmea utambaao, mengine kwa rangi ya samawati, mengine kwa rangi ing'aayo kama dhahabu. Katikati iko nembo ya ukoo wa bwana fulani. Sogea kulia kidogo, mng'ao hugeuka kuwa mwekundu. Sogea kushoto, hugeuka kuwa wa kijani au wa zambarau, kama rangi zionekanazo katika bawa la njiwa. Utauliza: Je, ni dhahabu hii? La, hata chembe ya dhahabu haimo. Ni udongo, moshi, na elimu.

Yafaa tueleze jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, maana asiyeijua kazi hawezi kumheshimu mfanyaji. Kwanza fundi aliufinyanga udongo juu ya gurudumu, akauanika, akauchoma jokoni mara ya kwanza. Kisha alikitia chombo katika maji mazito yaliyochanganywa unga wa risasi na wa bati. Bati ndilo lililoleta ule weupe. Risasi ilisaidia mchanganyiko kuyeyuka uwe kama kioo. Kama alitaka rangi ya samawati aliichora kwa kobalti, ndipo akakirudisha chombo jokoni mara ya pili. Kilipotoka kilikuwa cheupe na laini, chenye michoro ya samawati, na watu wengine wangaliridhika hapo.

Lakini fundi wa Manises hakuridhika. Alichukua shaba na fedha kidogo zilizounguzwa pamoja na kiberiti, akazisaga, akachanganya na udongo mwekundu na siki, akapata kama wino mzito. Kwa wino huo alichora majani yake, akakiingiza chombo jokoni mara ya tatu. Moto huo wa tatu ulikuwa mdogo kuliko ile miwili ya kwanza, na ulichochewa kwa vichaka vikavu vya rozmari, mmea wenye harufu nzuri umeao katika vilima vya nchi ile. Wakati ulipotimia fundi alizuia hewa, joko likajaa moshi. Moto uliokosa hewa ulianza kuitafuta oksijeni po pote ilipo, ukaivuta kutoka katika ule wino, na shaba na fedha zikabaki juu ya chombo kama utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Chombo kilipotolewa kilikuwa kimefunikwa na masizi. Fundi alikisugua kwa kitambaa, na hapo mng'ao ukatokea. Moto ukizidi, utando huungua; ukipungua, haushiki. Hapakuwa na kipimo cha joto wala saa; palikuwa na jicho la fundi, pua yake, na mafundisho ya baba yake.

Elimu hiyo haikuzaliwa Manises. Ilitoka mbali, na safari yake inatugusa hata sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Iraki, hasa wa Basra, waliona kaure nyeupe iliyoletwa na majahazi kutoka Uchina. Hawakuwa na udongo kama ule wa Uchina, lakini waligundua kwamba bati laweza kuufunika udongo wao wa kawaida kwa weupe. Ni wao pia waliovumbua mng'ao wa shaba na fedha juu ya vyombo hivyo. Vyombo vyeupe vya Iraki vya zamani hizo vilisafirishwa pande zote za bahari, na magae yake yamefukuliwa hata katika magofu ya Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Wakati huo huo ustadi wa kuvitengeneza ulisafiri pamoja na watu: ukafika Misri, ukafika Uajemi, na mwishowe ukafika Málaga, bandari ya kusini mwa Hispania, ambako Waislamu walitawala.

Hapo tunakutana na shahidi tunayemfahamu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alipita pia katika nchi ya Granada mnamo mwaka wa 1350. Katika habari za Málaga alitaja vyombo vya ajabu vya udongo vyenye mng'ao wa dhahabu, akasema kwamba vilipelekwa mpaka nchi za mbali. Msafiri yule yule aliyewaeleza walimwengu habari za Waswahili na misikiti yao ndiye aliyewaeleza habari za wafinyanzi wa Málaga.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyohama kutoka Málaga hadi Manises. Mwaka wa 1238 Mfalme James wa Kwanza wa Aragon, ambaye ni Mkristo, aliuteka mji wa Valencia kutoka kwa Waislamu. Mashujaa walipata sifa na ardhi. Lakini ardhi bila wakulima na mafundi ni pori. Kwa hiyo Waislamu wengi waliachwa wakae, walime, wafanye kazi zao na kushika dini yao, nao walipe kodi. Mwaka wa 1304 Manises iliingia mikononi mwa kabaila mmoja, Pere Boïl. Bwana huyo alipata kutumwa ubalozi Granada, na huko aliona vyombo vya Málaga. Katika zama zake na za wanawe mafundi wa kusini walihamia Manises na kuanza kazi huko. Twajuaje? Jina lenyewe ni shahidi, kwani hati za Valencia ziliendelea kuviita vyombo hivyo “kazi ya Málaga” ingawa vilitengenezwa Manises.

Tangu hapo biashara ilipanuka upesi. Mwaka wa 1362 mafundi wawili walifanya mkataba wa kupeleka vigae Avignon, katika nchi ya Ufaransa, kwa jumba la kadinali mmoja, wakati Mapapa walipokuwa wakikaa huko. Mwaka wa 1383 mtawa na mwandishi Francesc Eiximenis aliitaja kazi ya Manises miongoni mwa fahari za Valencia, akasema kwamba Papa, makadinali na wakuu wa dunia waliitamani. Katika miaka ya 1440 Mfalme Alfonso wa Tano aliagiza vigae kwa ngome yake ya Naples, na mmoja wa mafundi walioandikiwa kazi hiyo aliitwa Joan al-Murcí, mtu ambaye nusu ya jina lake ni ya Kikristo na nusu ni ya Kiarabu. Mwaka wa 1454 Malkia Maria, mkewe Alfonso, alimwandikia bwana wa Manises akitaka vyombo vya meza yake: sahani, bakuli, mabeseni ya kunawia mikono, magudulia, hata vinu vya kutwangia, vyote ving'arishwe ndani na nje. Ukoo wa Medici wa Florence, uliokuwa tajiri kupita kiasi, uliagiza vyombo vyenye nembo yake. Kimoja kimo leo katika jumba la British Museum, London. Na mchoraji Hugo van der Goes, alipochora picha kubwa ya kuzaliwa kwa Yesu katika miaka ya 1470, aliweka maua mbele ya mtoto ndani ya chombo cha Hispania chenye mng'ao huo huo.

Wahenga wetu walisema, “Mfinyanzi hulia gaeni.” Methali hiyo yakaa sawasawa na Manises. Ukoo wa Boïl ulipokea fungu lake katika mapato ya majoko, na barua za malkia zilikwenda kwa bwana, si kwa fundi. Nembo zilizochorwa katikati ya sahani ni za walionunua. Mfinyanzi, ambaye vidole vyake viliufanya udongo ustahili meza ya kifalme, alikula katika chombo cha kawaida, labda kilichopata ufa jokoni kikashindwa kuuzwa.

Je, hakuacha alama yo yote? Aliacha, lakini lazima ujue mahali pa kutazama. Sahani nyingi za Manises zimechorwa pia mgongoni, upande usioonekana sahani ikiwekwa mezani au kutundikwa ukutani. Na mgongoni hapakuwa na nembo ya mtu. Hapo mchoraji alikuwa huru. Utakuta tai mkubwa aliyekunjua mabawa na kujaza sahani yote, au majani yaliyochorwa kwa mikupuo michache tu ya brashi, upesi, kwa mkono usiotetemeka. Wajuzi wengi hukiri kwamba baadhi ya migongo hiyo ni mizuri kuliko nyuso zake. Uso wa sahani watuambia nani alilipa. Mgongo watuambia nani alifanya kazi.

Tazama pia pambo moja lililorudiwa mara nyingi katika vyombo vya karne za 14 na 15. Ni kama maandishi ya Kiarabu yaliyofupishwa mpaka yakawa mchoro tu. Wataalamu wanalisoma kuwa ni neno al-afiya, yaani hali njema, siha, baraka. Wewe walijua neno hilo, maana ni ndugu wa “afya” yetu ya Kiswahili. Na katika sahani nyingine za mji huo huo yameandikwa maneno ya Kilatini ya kumsalimu Bikira Maria. Hivyo Mwislamu aliandika sala ya Mkristo kwa brashi yake, naye Mkristo alikula chakula chake juu ya dua ya afya ya Mwislamu. Usidhani kwamba walipendana siku zote. La, palikuwa na dhuluma na chuki pia. Lakini mikono yao ilikuwa imekwisha kufundishana.

Mambo hayo hayakudumu. Granada, dola ya mwisho ya Kiislamu katika Hispania, iliangushwa mwaka wa 1492. Katika miaka ya 1520 Waislamu wa Valencia walilazimishwa kubatizwa, wengine kwa nguvu za wafanya fujo, na wote kwa amri ya Mfalme Karolo wa Tano. Tangu hapo waliitwa Wamorisko, na mara kwa mara walishukiwa kwamba wamebatizwa kwa maji tu, si kwa moyo. Mwishowe, mwezi Septemba mwaka wa 1609, amri ya Mfalme Filipo wa Tatu ilitangazwa Valencia: Wamorisko watoke katika nchi. Walipewa siku tatu za kujitayarisha kwenda bandarini, na ruhusa ya kuchukua kile tu walichoweza kukibeba. Kati ya mwaka huo na mwaka wa 1614 watu wapatao 300,000 walifukuzwa katika Hispania yote, na wengi wao walipelekwa Afrika ya Kaskazini. Nchi ya Valencia peke yake ilipoteza karibu theluthi ya wakaaji wake.

Kuna fungu moja katika amri hiyo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulitafakari. Lilisema kwamba nyumba 6 katika kila nyumba 100 ziruhusiwe kubaki, ili watu wake watunze viwanda vya sukari, mashamba ya mpunga na mifereji ya maji, na kuwafundisha kazi hizo wageni watakaoletwa. Waona basi! Mkono ule ule ulioandika “ondokeni” uliandika pia “baki, utufundishe.” Waliofukuza walijua vizuri sana ni nani wenye elimu ya nchi. Sisi husema, “Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.” Na kwa kweli katika wale waliopewa nafasi ya kubaki wachache tu walikubali, nani atakaa kuwa mwalimu mahali ambapo ndugu zake wote wamefukuzwa?

Hapa mwanahistoria sharti awe mwangalifu, asije akapenda hadithi yake kupita ukweli. Tusiseme kwamba ufinyanzi wa Manises uliuawa siku moja na amri ya mwaka wa 1609. Tangu karne ya 16 matajiri walikuwa wameanza kupenda vyombo vya Italia vilivyochorwa picha za watu, na kaure ya Uchina ilikuwa imeanza kufika kwa wingi kwa merikebu za Wareno. Tena katika mji wa Manises walikuwamo Wakristo waliokuwa wamekwisha kujifunza kazi hiyo. Wao waliiendeleza, ndiyo sababu vyombo vya karne za 17 na 18 vipo, vyenye ndege na maua makubwa, na mng'ao wake ni mwekundu wa shaba kuliko ule wa zamani. Lakini wafalme hawakuviagiza tena kama zamani. Kufukuzwa kwa watu hakukuwa sababu ya pekee. Kulikuwa ni pigo lililoangukia kazi iliyokwisha kuanza kudhoofika, na kuliharibu nchi nzima iliyoizunguka.

Mwaka wa 1785 waziri wa mfalme, Conde de Floridablanca, aliandikiwa taarifa inayoeleza jinsi mafundi wa Manises walivyotengeneza mng'ao wao: kiasi cha shaba, cha fedha, cha kiberiti, cha udongo mwekundu, cha siki, na namna ya kuwasha rozmari. Mengi niliyokusimulia juu ya joko la tatu yanajulikana kwa msaada wa taarifa hiyo. Fikiri, msomaji: kazi iliyokuwa imeishi mjini hapo kwa zaidi ya miaka 400, ikipita kutoka mkono hata mkono, hatimaye iliandikwa kwa ajili ya mkubwa wa serikali. Baadaye, mafundi wa karne ya 19 na 20 waliitazama upya kazi ya mababu, shule ya ufinyanzi ikafunguliwa mjini, na mpaka leo wako mafundi wa Manises wanaojua kutoa mng'ao wa zamani jokoni.

Kabla hatujarudi kwenye kiwanja cha ndege, tazama kitu kimoja cha mwisho, kisicho na uzuri wo wote. Ni magae: vyombo vilivyopinda, vilivyogandamana kwa moto, vilivyotupwa jalalani. Pamoja nayo viko vijiguu vidogo vya udongo, kila kimoja na miguu mitatu, vilivyowekwa kati ya bakuli na bakuli jokoni ili zisishikane. Chukua bakuli zima lililo sahihi, utazame ndani chini kabisa. Mara nyingi utaona alama tatu ndogo mahali kijiguu kiliposimama. Mteja hakuziona, au aliziona asizijali. Lakini kwa alama hizo, na kwa majalala hayo, wataalamu wameweza kujua ni vyombo gani vilitengenezwa Manises, na ni vipi vilitengenezwa kwa majirani wao wa Paterna, ng'ambo ya mto. Historia ya wenye majumba imo katika barua. Historia ya wafinyanzi imo jalalani.

Nimekuchukua mbali, msomaji, lakini jambo ninalotaka ulione liko pia nyumbani. Nenda Mambrui, karibu na Malindi, utaona kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Nenda Gedi, nenda Ngome ya Yesu kule Mombasa, utaona katika makumbusho vyombo vya Uchina, vya Uajemi na vya Uarabuni. Ni vizuri, vinang'aa, na macho huviendea kwanza. Wataalamu wa zamani nao waliviendea kwanza, na kwa sababu hiyo baadhi yao walifikiri kwamba miji yetu ya pwani ilijengwa na wageni. Lakini sehemu kubwa kabisa ya magae yafukuliwayo katika miji hiyo si ya vyombo vya kigeni. Ni ya vyungu na mitungi ya kawaida iliyofinyangwa papa hapa. Katika miaka ya 1980 wachimbaji wa Shanga waliyafuata magae hayo ya kawaida, tabaka baada ya tabaka, mpaka mwanzo wa mji katika karne ya 8, wakaona kwamba wenyeji wa Kiafrika walikuwapo tangu mwanzo, na kwamba mji ulikua mikononi mwao. Ushahidi huo ulikuwapo siku zote. Haukuwa na mng'ao, basi ukapuuzwa.

Hiyo ndiyo faida ya siku moja katika Manises. Mtu akikuonyesha sahani nzuri, iwe ni ya udongo, au ni jengo, au ni reli, au ni sifa ya taifa zima, usiishie kusoma nembo iliyo katikati yake. Igeuze. Uliza ni mikono ya nani iliyoifanya, ilifundishwa na nani, na ilipata malipo gani.

Tena usingoje mpaka usafiri ng'ambo. Katika sehemu nyingi za Kenya wako bado akina mama wafinyanzi, ambao wanajua kwa kuushika tu kama udongo umeiva, na kwa rangi ya moshi kama chungu kimekwisha kuchomeka. Likizo ijapo, mtafute mmoja wao. Msalimu kwa heshima, uketi chini, umwombe akueleze kazi yake tangu kuchimba udongo mpaka kuuza sokoni. Andika maneno yake kama anavyoyasema. Na juu kabisa ya ukurasa, kabla ya kuandika neno jingine lo lote, andika tarehe, na jina lake.